Ushahidi Kabla ya Kiraka: Kutengeneza Kerneli ya Linux, na Nafasi ya Vijana wa Ibra, Sur na Nizwa

(Mhadhara uliotolewa Ibra, Sharqiyah, mbele ya wanafunzi, wahandisi na wazee wasemao Kiswahili)





Nawashukuru wenyeji wetu wa Ibra kwa kahawa na tende, na zaidi kwa kukubali mhadhara huu uwe kwa Kiswahili. Wengi humu ndani tumelelewa na lugha hii. Kuna waliozaliwa Unguja na Pemba, na kuna waliorudi na wazee wao kutoka bara, Tabora na kwingineko. Mambo ya kompyuta tumezoea kuyasoma kwa Kiingereza na kuyazungumza kwa Kiarabu, lakini hayajaikataa lugha yetu. Mwaka 2004 mradi uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyotafsiriwa yote kwa Kiswahili. Leo nataka tushuke chini zaidi ya hapo, mpaka kwenye kiini cha mfumo wenyewe.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba kurekebisha hitilafu za kerneli ni kazi ya ushahidi kuliko inavyokuwa kazi ya ufundi wa kuandika msimbo, na kwamba kijana wa Ibra mwenye kompyuta kuukuu anaweza kuleta ushahidi ambao hakuna mwingine wa kuuleta. Nina hoja tano. Hoja ya pili nitakaa nayo kitako, kwa hiyo mnivumilie.

Kwanza tuelewane tunazungumza nini. Kerneli ni programu iliyokaa kati ya mitambo na programu nyingine zote. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga nani apate prosesa na kwa muda gani, inayofungua mafaili. Draiva ni sehemu ya kerneli inayojua kusema na kifaa kimoja: kadi ya mtandao, kioo, kamera. Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi Helsinki, na mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa. Leo imo ndani ya kila simu ya Android mliyoiweka mifukoni, imo katika vifaa vingi vya intaneti majumbani, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zinaitumia. Zaidi ya nusu ya msimbo wake ni draiva. Likumbukeni hili, nitalirudia.

Hoja ya kwanza: hitilafu ya kerneli haina mbali.

Chukueni usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 2012. Dunia haijizungushi kwa mwendo mmoja kama saa za atomiki, kwa hiyo zimekuwa zikipita nyakati ambapo saa zote za ulimwengu huongezewa sekunde moja ili zisiachane na mzunguko wa dunia. Mara ile sekunde iliongezwa mwisho wa Juni kwa saa za kimataifa, na hapa Oman ilikuwa inakaribia saa kumi za alfajiri. Wazee waliogawa maji ya mifereji ya falaji usiku kwa kutazama nyota hawakuihitaji sekunde hiyo, maana nyota huonyesha mzunguko wa dunia wenyewe. Kompyuta inaihitaji, na kerneli ya Linux ilikuwa na dosari mahali hapo hapo.

Ndani ya kerneli, saa kuu ilirudishwa nyuma kwa sekunde moja kama ilivyotakiwa, lakini vipima-muda vya ndani havikuarifiwa. Vikabaki mbele kwa sekunde nzima. Programu iliyoomba kulala kwa muda usiofika sekunde iliambiwa muda wako umekwisha. Ikaamka, isikute la kufanya, ikaomba kulala tena, ikaamshwa tena papo hapo, maelfu ya mara. Prosesa zikapanda mpaka mwisho wa uwezo wake. Tovuti ya Reddit ikaanguka. Shirika la ndege la Qantas likachelewesha safari kwa sababu mfumo wa kupokelea abiria ulikwama. Dawa ya haraka ilikuwa kuiambia kompyuta tarehe upya, tarehe ile ile iliyokuwa nayo, kwa sababu amri hiyo ilivifikishia vipima-muda habari vilivyoikosa. Mashirika ya vipimo duniani yalikubaliana Novemba 2022 kwamba utaratibu wa kuongeza sekunde uachwe ifikapo mwaka 2035. Sababu ni nyingi, na matatizo kama ya usiku ule ni mojawapo.

Hoja ya pili: anayetuhumiwa si lazima awe ndiye mkosa.

Nimesema nitakaa hapa. Kisa ni cha mwaka 2008, toleo la 2.6.27 la kerneli lilipokuwa likijaribiwa. Watu waliokuwa wakijaribu mifumo mipya ya Linux walianza kuripoti jambo la kutisha: kadi za mtandao za Intel, zinazoendeshwa na draiva iitwayo e1000e, zilikuwa zinakufa. Tazameni uzito wake. Kwa kawaida kompyuta ikikwama unaizima, unaiwasha, mambo yanaendelea. Hizi zilikuwa zinaharibika kumbukumbu yake ya kudumu, pale kadi inapohifadhi utambulisho na mipangilio yake. Ukizima na kuwasha, haikusaidii kitu.

Kila mtu akaiangalia draiva, na ni haki. Kadi iliyokufa ni ya e1000e, basi tumshike nani kama si e1000e? Wahandisi wa Intel wakaipitia. Wakakuta mambo madogo madogo yaliyostahili kurekebishwa, wakarekebisha, na kadi zikaendelea kuharibika. Wakaweka kinga ili kumbukumbu ile isiandikike ovyo, jambo la busara, lakini kinga hiyo haikujibu swali la nani anayeandika.

Mkosa alikuwa mbali kabisa na mtandao. Toleo lile lilikuwa limeingiza chombo kipya kiitwacho ftrace, cha kufuatilia kazi zinazopita ndani ya kerneli. Ili kisiichoshe mashine, ftrace kilikuwa kinaweka kumbukumbu ya anwani za kazi zilizopita, kisha baadaye kinarudi kwenye anwani hizo na kubadilisha maagizo yaliyopo pale. Sasa, kuna msimbo unaotumika mara moja tu draiva inapoanza, kisha nafasi yake huachwa huru. Ftrace kilikuwa kimeshika anwani ya msimbo wa namna hiyo. Msimbo ukaondoka. Nafasi ile ile, kwa anwani ile ile, ikapewa kadi ya mtandao iwe dirisha la kufikia kumbukumbu yake ya kudumu. Ftrace kikarudi, hakina habari kwamba mwenye nyumba amehama.

Waandishi wake walikuwa wameweka tahadhari. Walitumia agizo la prosesa liitwalo cmpxchg, ambalo maana yake ni: linganisha kwanza, ukikuta ninachokitarajia, badilisha. Hawakukuta walichokitarajia, kwa hiyo ungedhani halikuguswa kitu. Lakini prosesa za aina ya x86, hata ulinganisho ukishindwa, huandika tena ile ile thamani iliyokuwapo. Katika kumbukumbu ya kawaida, kuandika kilichokuwepo hakumdhuru mtu. Katika anwani za kifaa, kila kuandika ni amri, na kadi ikaitii.

Steven Rostedt, mwandishi mkuu wa ftrace, alishiriki kuichimba hitilafu hii mpaka ikamrudia yeye mwenyewe, na akaieleza hadharani bila kujificha. Toleo la 2.6.27 lilitoka tarehe 9 Oktoba 2008, na siku chache baadaye likafuatiwa na 2.6.27.1 lililoizima sehemu ile ya ftrace. Mimi naona tabia hii ya kuifuata hitilafu mpaka mlangoni kwako na kuwafungulia watu waingie ndiyo sifa kubwa ya kazi hii. Mnaojifunza hapa, igeni hiyo kabla hamjaiga ufundi wa lugha ya C.

Funzo lake kwa kazi ni hili. Ukikuta Wi-Fi ya kompyuta yako inakatika, usiandike kwamba draiva ya Wi-Fi ni mbovu. Andika ulichokiona: toleo gani la kerneli, kifaa gani, kinakatika baada ya kufanya nini, na kerneli imeandika maneno gani katika taarifa zake. Hukumu iache.

Hoja ya tatu: unaweza kuipata hitilafu bila ya kuujua msimbo.

Baadhi yenu mtaniuliza, mtu atatafutaje kosa katika msimbo ambao hajausoma? Jibu liko katika hesabu. Aprili 2005 Torvalds aliandika git, chombo cha kutunza kila badiliko linaloingia katika kerneli. Kila baada ya wiki tisa au kumi hutoka toleo jipya, na kati ya toleo na toleo huingia mabadiliko zaidi ya 10,000. Sema toleo la zamani lilikuwa linaizima kompyuta yako vizuri, na jipya haliizimi. Basi badiliko moja katika hayo ndilo lililoharibu.

Amri ya git bisect inachukua badiliko lililo katikati. Unaijenga kerneli hiyo, unaiwasha, unajaribu kuzima. Imezima? Basi mkosa yumo katika nusu ya pili. Haikuzima? Yumo katika nusu ya kwanza. Nusu moja unaitupa, unarudia. Mabadiliko 1,000 yanakwisha kwa majaribio 10 hivi, na mabadiliko 16,000 kwa majaribio 14. Mwisho wa kazi unabaki na badiliko moja lenye jina la mwandishi wake, na huyo ukimwandikia ataacha anachokifanya akusikilize, maana katika kerneli kuna kanuni nzito: kilichokuwa kikimfanyia kazi mtumiaji jana hakiruhusiwi kuharibika leo.

Kazi hii inataka subira na umeme, na kifaa chenyewe kiwe mkononi mwako. Nasisitiza hilo la kifaa. Tangu 2017 kuna syzbot, mtambo wa Google unaoijaribu kerneli usiku na mchana kwa kuitupia maombi ya ovyo, nao umefichua hitilafu kwa maelfu. Lakini kwa sehemu kubwa unafanya kazi ndani ya kompyuta za kuigiza. Hazina kadi ya sauti ya kompyuta uliyoinunua sokoni miaka kumi iliyopita. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kerneli ni draiva, sehemu kubwa ya hitilafu zake inamsubiri mtu mwenye kifaa.

Hoja ya nne: kiraka kinakuja na wasimulizi wake.

Hapa nitatumia mfano mmoja unaofahamika katika nyumba zetu. Sisemi vitu hivi vinalingana kwa utukufu, hasha. Lakini aliyesoma hadithi kwa sanad zake, yaani majina ya wasimulizi wake, atakiona kiraka cha kerneli, yaani badiliko la msimbo linalopelekwa kwa wasimamizi, na kukitambua. Chini ya kila badiliko kuna mistari ya majina: aliyeripoti, aliyeandika na kutia saini, aliyelipitia, aliyelijaribu, kisha msimamizi wa sehemu ile aliyelipokea naye akatia saini, mpaka linamfikia Torvalds. Utaratibu wa saini uliwekwa mwaka 2004, baada ya kampuni ya SCO kwenda mahakamani mwaka 2003 ikidai msimbo wake umeingizwa Linux bila idhini. Ikawa lazima ijulikane kila neno limetoka kwa nani, na kwamba alikuwa na haki ya kulitoa.

Na kama ilivyo kwa wasimulizi, msimamizi hutazama kiraka na pia humtazama aliyekileta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliandika utafiti ambao ndani yake walikuwa wamewatumia wasimamizi viraka vyenye kasoro za makusudi, ili waone kama vitapita. Aprili 2021 Greg Kroah-Hartman, msimamizi wa matoleo ya kudumu, akatangaza kwamba viraka vya chuo hicho havipokelewi tena, na viraka vyao vya zamani vikapitiwa upya kimoja kimoja, vingi vyake vikiwa vizuri na vya watu wasiohusika. Watafiti wakaliondoa andiko lao. Wapo wanaosema adhabu ile ilikuwa kali. Mimi nasema wasimamizi wale walikuwa na haki. Kazi yote imesimama juu ya kuaminiana kwa watu wasiowahi kuonana uso kwa uso, na aliyeifanya imani hiyo chombo cha majaribio bila ruhusa aliwadhulumu hata wanafunzi wenzake.

Hoja ya tano: kiraka kikishaingia, kazi haijakwisha.

Oktoba 2016 ilitangazwa hitilafu iliyopewa jina la Dirty COW. Phil Oester ndiye aliyeigundua, baada ya kukuta imekwisha kutumiwa kuvamia seva. Asili yake ni hii. Programu mbili zinapotumia ukurasa mmoja wa kumbukumbu, kerneli haizipi nakala mbili mpaka moja itake kuandika. Hapo ndipo huitolea nakala yake. Kulikuwa na mwanya mdogo kabisa wa wakati: mtu akiandika huku akiiambia kerneli, kwa kasi na kwa kurudia, kwamba nakala ile haihitaji tena, ilifika nukta kerneli ikasahau na kumwachia aandike juu ya ukurasa wa asili, hata wa faili asiloruhusiwa kuligusa. Kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida alijifanya mkuu wa mashine. Simu za Android nazo zilikuwemo.

Jambo linalonigusa ni kwamba Torvalds alikuwa ameuona mwanya huo miaka 11 kabla, akauziba. Kiraka chake kikaleta tatizo katika kompyuta kubwa za IBM, zile za s390, kikaondolewa. Miaka ikapita. Tatizo la s390 likatatuliwa, mashine zikawa na kasi zaidi, mwanya uliokuwa wa nadharia ukawa wa kutumika, na hakuna aliyerudi kutazama. Mwaka 2016 ukazibwa tena. Na Novemba 2017 ikaonekana kwamba kiraka hicho nacho kilikuwa na pengo kwa kurasa kubwa za kumbukumbu, kikatiwa kiraka kingine.

Kwa hiyo anayeandika kiraka leo aandike pia sababu yake kwa urefu, na kinapoondolewa iandikwe kimeondolewa kwa nini, na abaki mtu wa kurudi.

Ndugu zangu, naja kwenye miji yetu. Hatuanzi na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kiliandaa mikutano ya programu huria Muscat mwaka 2013 na 2015. Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi za Matumizi, kilichoundwa 2020, kina matawi yake Ibra, Sur na Nizwa. Nizwa ina chuo kikuu chake tangu 2004, na hapa Ibra kipo Chuo Kikuu cha Sharqiyah. Maabara zipo, wanafunzi wapo. Na tuna kitu kingine: joto la Juni la hapa Ibra linalopita nyuzi 45, na unyevu wa chumvi wa Sur. Draiva zinazosimamia joto la prosesa, na zinazoipunguza kasi mashine isiungue, hufanya kazi ngumu kwetu kuliko katika maabara yenye ubaridi. Hitilafu inayojitokeza pale mashine inapofika kikomo cha joto, sisi ndio wenye nafasi nzuri ya kuishuhudia na kuirudia mbele ya mashahidi.

Napendekeza hivi. Kila mji kati ya mitatu utenge kompyuta chache za zamani, za aina mbalimbali, zisizo na mafaili ya mtu. Torvalds hutoa matoleo ya majaribio karibu kila Jumapili, na kwa tofauti ya saa aghalabu huwa yametufikia Jumatatu asubuhi. Wanafunzi wawili wawili walijenge toleo hilo, waiwashe kila mashine, wailaze na kuiamsha, wajaribu sauti, mtandao na kamera, waandike kilichotokea kwa Kiswahili au Kiarabu, kisha wenye Kiingereza kizuri waandike ripoti ya kupelekwa kwa msimamizi. Linalohusu usalama wasilitangaze. Kuna watu maalumu wa kupelekewa kwa siri kwanza. Mwanzo wasitafute kuandika viraka. Waripoti, wafanye bisect, wajaribu viraka vya wengine na kusema kwa jina lao kwamba wamevijaribu. Atakayefanya hivyo kwa mwaka mzima, kiraka chake cha kwanza hakitakuwa kigeni kwa msimamizi atakayekipokea.

Wafanyabiashara mliopo, ombi langu kwenu ni vifaa. Kompyuta mnazoziweka stoo kwa kuwa mfumo wake haupokei tena masahihisho ndizo tunazozitaka, hasa zenye kadi za aina zisizo za kawaida. Walimu, ombi langu kwenu ni saa moja ya Jumatatu katika ratiba. Karatasi ya majina iko mezani kwa wenyeji wetu, ina safu ya Ibra, ya Sur na ya Nizwa, na pembeni kuna nafasi ya kuandika aina ya mashine utakayoileta. Baada ya Isha tutakaa na walioandika majina, tupange nani ataanza na toleo la wiki ijayo.